Kuridhi na Kurithi: Hotuba juu ya Maneno Yanayokaribiana kwa Tahajia

Hotuba iliyotolewa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya walimu, makarani, wafasiri na waandishi wa habari

Wazee wetu, walimu, makarani wa mahakama, wafasiri, waandishi wa habari, nanyi vijana mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi katika ukumbi huu wenye joto, nawaamkia nyote kwa heshima, na nawashukuru walioniita. Nimetakiwa nizungumze juu ya maneno yanayokaribiana kwa tahajia na kuachana kwa maana. Kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu kabla hayajachapishwa au kupelekwa ofisini, kwa hiyo jambo hili hunishughulisha kila siku, na naliona kuwa zito kuliko linavyochukuliwa na wengi.

Sikilizeni sentensi mbili. Ya kwanza inasema: "Dada yetu amerithi sehemu yake ya nyumba." Ya pili inasema: "Dada yetu ameridhi sehemu yake ya nyumba." Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika isipokuwa t iliyogeuka d, lakini habari zenyewe hazina uhusiano. Sentensi ya kwanza inatueleza kwamba mtu amefariki na haki ya dada imemfikia, haki ambayo hakupewa kwa hisani na ambayo hakuna ndugu awezaye kumnyang'anya. Ya pili inatueleza kwamba dada ameonyeshwa fungu fulani naye akasema nimekubali, na huenda fungu hilo ni kamili, na huenda ni pungufu na yeye ameamua kuwaachia nduguze kilichobaki. Karani anayeandika ya pili akikusudia ya kwanza amemtia dada huyo kinywani kauli ambayo hakuitamka. Siku ile hakuna atakayeona tatizo, kwa sababu kila mtu chumbani anajua kilichosemwa. Tatizo litakuja miaka mingi baadaye, wale waliokuwapo wakiwa wametawanyika au wametangulia mbele ya haki, na karatasi imebaki kuwa ndiyo inayosema peke yake.

Mambo haya si ya kubuni katika mji huu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele ya mahakama hizo. Katika mlango wa mirathi maneno ninayoyataja hayakutani kwa nadra, bali huishi pamoja. Mwenye mali anaruhusiwa kumuusia mtu asiye mrithi hadi theluthi ya mali yake. Akipita kiwango hicho, ziada haipiti mpaka warithi waridhie. Tazameni basi jinsi warithi na kuridhia vinavyolazimika kukaa katika sentensi moja, na jinsi mkono uliochoka, mwisho wa siku ndefu, unavyoweza kuviandika kwa herufi zilizobadilishana nafasi. Hata hiyo theluthi ina jirani wa hatari, nalo ni neno thelathini. Theluthi ni fungu moja katika mafungu matatu, thelathini ni hesabu. Mtu aliyetaka kuandika theluthi akaandika asilimia thelathini amedhani amesema lile lile, lakini katika mali ya shilingi milioni 3 theluthi ni shilingi milioni 1, na asilimia 30 ni shilingi laki 9. Laki nzima imemtoka mtu kwa sababu ya maneno mawili kufanana mwanzo. Na thumuni, ambayo wengi wetu tuliijua kwanza kama jina la sarafu ya senti hamsini, katika mirathi ni sehemu moja ya nane, nalo ndilo fungu la mke ikiwa marehemu ameacha mtoto. Asipoacha mtoto, fungu la mke ni robo.

Nataka tulielewe jambo hili kwa mwili kabla ya kulielewa kwa kitabu. Wekeni kidole kooni, chini ya kidevu, mseme polepole: rithi. Sasa semeni: ridhi. Ulimi haukuhama, mara zote mbili ncha yake imetokeza kidogo kati ya meno ya juu na ya chini. Kilichobadilika ni kule chini kwenye koo, kwani kwa dh koo hutetemeka na kidole kinahisi mtetemo, ilhali kwa th koo hutulia na pumzi hupita kimya. Jambo hilo moja tu ndilo linalotenganisha haki na ridhaa. Asiyewahi kuzoezwa kulisikia hana njia ya kuliandika ila kwa kukariri, na kukariri huvunjika mtu anapoandika kwa haraka.

Ndiyo maana sipendi tunapowacheka wanaokosea. Sauti za dh na th hazimo katika lugha nyingi za kwanza za Wakenya, na mtoto aliyekulia nyumba isiyokuwa na sauti hizo hulisikia neno dhahabu kama zahabu, kisha akaliandika alivyolisikia. Hilo si kosa la akili, ni sikio ambalo halijafundishwa. Kinachonisikitisha ni kwamba hata sisi wa pwani, ambao tumezisikia sauti hizi tangu tulipokuwa tukipelekwa chuoni, yaani madrasa, kusoma alifu na bee, tumeanza kuandika kana kwamba hatuzijui. Mtoto wa chuoni hutenganisha dhali, dhadi na dha, herufi tatu ambazo Kiswahili kimezikusanya zote katika dh moja: adhabu ina dhali, dhamana ina dhadi, dhana ina dha. Anazitenganisha hizo na zai, anaitenganisha tha na sini. Sikio lake liko tayari. Tunachokosa ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba sikio lile lile analolitumia chuoni asubuhi ndilo la kutumia anapoandika insha shuleni.

Mfano ninaoupenda sana katika jambo hili ni maneno manne: thamani, dhamana, zamani na samani. Matatu ya kwanza yametoka katika Kiarabu kwa mizizi mitatu isiyohusiana, na la nne lilikuja kwa njia ya biashara ya Bahari Hindi, kutoka lugha za Uajemi na Bara Hindi. Asiye na sikio huyaona kama neno moja lililoandikwa vibaya mara nne. Lakini someni habari ya mahakamani inayosema kwamba mshtakiwa aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi elfu hamsini, kisha mbadilishe iwe thamani ya shilingi elfu hamsini, mtaona kwamba binadamu amegeuzwa bidhaa yenye bei. Someni tangazo la duka la samani za kale, mbadilishe herufi ya kwanza, msomaji hatajua tena kama anauziwa makabati au anasimuliwa historia.

Katika magazeti na redio, jozi inayonitia wasiwasi kuliko zote ni kudhibiti na kuthibitisha. Kudhibiti ni kukishika kitu kisitoke katika uwezo wako. Kuthibitisha ni kukihakikisha kuwa ni kweli. Fikirini wakati wa mlipuko wa kipindupindu, pale watu wanapofungulia redio alfajiri ili wajue kama wanunue maji ya chupa au wachote ya kisimani kama kawaida. Mtangazaji anasoma kwamba wizara imethibitisha ugonjwa katika mtaa fulani, na maana yake ni kwamba ugonjwa upo, jihadharini. Akisoma kwamba wizara imedhibiti ugonjwa katika mtaa huo, maana yake ni kwamba hatari imepungua, tulieni. Herufi zinazofanana kiasi hicho zimebeba amri mbili zinazopingana, na anayesikiliza hana namna ya kugundua kosa, kwa sababu sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi na zote mbili zinaaminika. Msomaji mwenye busara hawezi kuliziba pengo hili kwa busara yake. Aliyeandika ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuliziba.

Hapo pana jozi nyingine za namna hiyo hiyo. Mafuriko huwaathiri wakazi, yaani huwafikia kwa athari zake. Hayawaadhiri, kwa sababu kumwadhiri mtu ni kumfedhehesha mbele za watu. Mgeni huja kutuzuru, na adui huja kutudhuru. Zahanati ikibandika ukutani tangazo la mhadhara juu ya chanjo, mama ataona ameitwa akasikilize mafunzo. Mwandishi akiangusha h ya kwanza, tangazo likawa la madhara ya chanjo, mama huyo huyo atasimama mlangoni akisoma kwamba chanjo ina madhara, atamfunga mtoto mgongoni na kurudi nyumbani. Hatauliza, maana ameisoma kwa macho yake kwenye ukuta wa zahanati.

Wengi huniambia kwamba zama hizi kuna programu za kusahihisha tahajia, na kwamba kazi ya namna hii inaelekea kuisha. Nawajibu kwamba programu hizo husaidia pale tu ambapo kosa limezaa neno lisilokuwapo. Ukiandika zahabu, programu itakupigia mstari mwekundu. Ukiandika kudhuru ukikusudia kuzuru, haitasema kitu, kwani kudhuru ni neno halali lenye makazi yake katika kamusi. Tena simu zetu zimezoea kutukamilishia maneno kabla hatujayamaliza, na mara nyingi huchagua lile linalotumika zaidi badala ya lile tulilolitaka. Kosa la zamani la mwanafunzi lilionekana kuwa ni kosa. Kosa la sasa linatoka likiwa limevaa mavazi kamili ya neno sahihi.

Sasa niingie katika jambo ambalo naliona ndilo kiini cha habari yote. Si kila jozi ya maneno yanayofanana ina hatari sawa, na tunapoteza nguvu nyingi kwa kuyaogopa yote kwa kiasi kimoja. Zipo jozi ambazo sentensi yenyewe huzilinda. Neno mahali na neno mahari hukosewa mno na wenzetu wanaochanganya l na r, lakini mahali lina ngeli yake ya pekee: tunasema mahali pake, mahali hapa, mahali pamejaa. Mahari ni yake, ni hii, imelipwa. Mtu akiandika "mahali yake imelipwa", msomaji hasiti hata kidogo, kwa sababu upatanisho wa kisarufi umesimama kama shahidi wa pili na kutoa ushahidi juu ya neno lililokusudiwa. Vivyo hivyo fahali ni mnyama, kwa hiyo ni fahali wake aliyefungwa zizini, wakati fahari ni yake na imemjaa kifuani. Kura hupigwa, na anayeandika kwamba wananchi wamepiga kula hajamdanganya mtu yeyote. Hayo ni makosa, yasahihishwe, lakini hayavunji nyumba.

Rithi na ridhi hazina shahidi wa pili. Zote ni vitenzi, zote huchukua viambishi vile vile, zote hufuatwa na yambwa ile ile. Dhibiti na thibitisha hali kadhalika, zuru na dhuru hali kadhalika. Katika jozi za namna hii herufi imebebeshwa mzigo wote, na ikianguka hakuna cha kuiinua. Hapa ndipo ninapotaka walimu waweke muda wao, makarani waweke macho yao, na wahariri wasimame hata kama mitambo ya uchapaji inangoja.

Katika kundi hili la hatari naingiza pia maneno yanayotenganishwa na irabu iliyorudiwa, ambayo hayahusiani na dh wala th na kwa hiyo husahaulika. Kukata na kukataa ndiyo jozi kubwa. Ripoti ya mazingira ikisema kwamba vijana wa mtaa fulani wamekata mikoko iliyopandwa ufuoni, vijana hao wametuhumiwa kwa kosa la kisheria, kwani mikoko hulindwa. Ikisema wamekataa mikoko, wametajwa kuwa na maoni tu juu ya mradi. Nimeziona ripoti ambazo a moja imetoka au imeingia bila kusudi, na katika maandishi ya kasi si rahisi jicho kuona a ya pili inapokosekana. Kufa na kufaa ni hivyo hivyo: "dawa hii itamfaa" na "itamfia" hazikaribiani, lakini "mche huu haukufaa" na "mche huu haukufa" ni kauli mbili ambazo mkulima angezifuata kwa matendo mawili tofauti. Shairi na shayiri nazitaja kwa kupita, kwa kuwa ni nadra mtu kusimama njia panda kati ya utungo na nafaka.

Na kuna alama ndogo ya ng' ambayo simu imetufanya tuidharau. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa, bila alama, ni wivu au matamanio, na wazee wetu husema mtu analia ngoa. Anayeandika kwa simu huona shida kuitafuta alama hiyo kwenye kibodi, basi huiacha, na ng'ambo inakuwa ngambo, ng'ombe anakuwa ngombe. Maneno haya mawili ya mwisho hayana mshindani, kwa hiyo msomaji anavumilia. Lakini mkono uliozoea kuiacha alama pale isipodhuru utaiacha pia pale inapohitajika, kwani mazoea hayana macho ya kuchagua.

Sasa nizungumzie Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa hii, na hapa wazee watanivumilia nikieleza wanalolijua tayari, kwa ajili ya vijana. Mwaka 1928 palifanyika hapa Mombasa mkutano wa wawakilishi wa nchi zilizokuwa chini ya Uingereza katika Afrika Mashariki, na uamuzi uliofikiwa ulikuwa kwamba Kiswahili cha kufundishia na kuandikia vitabu kijengwe juu ya Kiunguja. Kamati ya lugha iliyoundwa kuusimamia uamuzi huo ilianza kazi mwaka 1930. Kimvita, kilichokuwa kimeandikwa kwa karne na malenga wa mji huu kwa herufi za Kiarabu, na ambacho wamishonari walianza kukiandika kwa herufi za Kirumi tangu Krapf alipofika hapa mwaka 1844, kikawekwa pembeni. Sitafufua ugomvi huo leo. Ninachotaka kuonyesha ni kilichotokea kwa tahajia.

Mtu wa Mvita akisema paa la nyumba, midomo yake huachana bila pumzi ya ziada. Akisema paa, yule mnyama wa porini, hutoa pumzi, na ukiweka kiganja mbele ya mdomo wake utaihisi. Kaa la moto halina pumzi, kaa wa pwani anayo. Chungu cha kupikia hakina, chungu wanaotambaa kwenye sukari wanayo. Sababu yake ni ya kale: wanyama na wadudu hawa majina yao ni ya ngeli ile ambayo hapo zamani ilitanguliwa na sauti ya puani, na sauti hiyo ilipotoweka iliacha pumzi nyuma yake. Tena Kimvita kina t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na nyingine ya ulimi kugusa ufizi, kiasi kwamba kuteka kwa maana ya kucheka na kuteka maji kisimani ni maneno mawili kwa sikio letu, ingawa kalamu ya kawaida ikiyaandika huwa ni moja. Tahajia iliyosanifiwa haikuweka alama yoyote ya kuonyesha tofauti hizo.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba tahajia yetu ina kasoro kwa sababu hiyo na kwamba inafaa ibadilishwe. Mimi siungi mkono, na sababu ni ile ile niliyoieleza. Paa hili na paa huyu, kaa limezimika na kaa amekimbia, chungu hiki na chungu hawa: ngeli imekwisha kufanya kazi ambayo alama ya pumzi ingeifanya, na kuongeza alama kungempa mwandishi mzigo usiomsaidia msomaji. Waliosanifu tahajia, wawe walilipima jambo hili au hawakulipima, walituachia maandishi yanayosomeka. Lakini tukubaliane basi kwamba dh na th na z ni jambo la namna nyingine kabisa. Hizo ziliwekewa herufi zake katika tahajia hiyo hiyo, kwa haki, na anayezichanganya anaitupa zana ambayo amekwisha kupewa. Nimesema zana, yaani kifaa cha kazi. Dhana ni wazo lililomo akilini.

Kwa wafasiri nina neno la ziada. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hiyo maandishi mengi ya serikali huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na mtego uliopo upande wetu upo upande wa pili pia. Kiingereza kina venal na venial, ambayo ukiyasoma mbio ni neno moja. La kwanza lina asili ya neno la Kilatini la uuzaji, na hutajwa kwa mtu anayenunulika kwa hongo. La pili lina asili ya neno la msamaha, na hutajwa kwa kosa dogo linalosameheka. Mfasiri anayeyachanganya katika maelezo juu ya afisa wa umma amemsafisha mla rushwa au amemchafua mtu aliyeteleza kidogo. La kuogofya zaidi, kwa kuwa liko katika lugha ya sheria, ni prescribe na proscribe. La kwanza ni kuagiza au kuweka utaratibu wa jambo, la pili ni kulipiga marufuku. Irabu moja tu imebadilika, e ikawa o, na agizo limekuwa katazo. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kusaidiwa na mkalimani bila kulipa. Haki hiyo ina uzito sawa na umakini wa mkalimani mwenyewe, hauzidi hapo.

Watu huuliza dawa ni nini, na wengi hutarajia orodha ya jozi za kukariri. Orodha zipo, na hazijasaidia sana, kwa sababu mwanafunzi hujifunza kwamba rithi na ridhi hutofautiana, kisha siku ya mtihani anakumbuka kwamba hutofautiana ila hakumbuki lipi ni lipi. Wengine hushauri tufuate asili ya neno katika Kiarabu. Ushauri huo una faida kwa anayekijua, nami huutumia, lakini hauaminiki peke yake: mauti na maiti zimetoka katika mzizi mmoja, na hata hivyo moja ni kifo na nyingine ni mwili uliofikwa na kifo; mahari na mahiri nazo zina herufi zile zile za mzizi, na hakuna bwana harusi aliyewahi kuulizwa umahiri wake badala ya mahari.

Ninachokiamini ni imla. Ilikuwapo katika shule zetu, kisha ikaachwa kidogo kidogo ikionekana ni mtindo wa kale wa kumtaabisha mtoto. Mwalimu husoma sentensi kwa sauti, mtoto huandika alichosikia, kisha wote hulinganisha. Hakuna zoezi jingine ninalolijua linalounganisha koo, sikio na mkono kwa wakati mmoja, na jozi hizi zimejificha hapo hapo katikati ya viungo hivyo vitatu. Isomwe na mtu anayezitamka sauti sawasawa, na mji huu haujakosa watu wa namna hiyo. Wamo humu ukumbini, wengine wana mvi, na baadhi yao hawajawahi kuitwa shuleni hata mara moja wakasome. Waalikeni. Mzee wa mtaa wa Kuze au wa Mkanyageni akisoma mbele ya darasa kwa robo saa atawafikishia watoto kitu ambacho kitabu hakina namna ya kukitamka.

Kwa makarani na wahariri, ombi langu ni kwamba hati yoyote ya haki ya mtu isomwe kwa sauti na mtu wa pili kabla haijatiwa sahihi, huku aliyeiandika akisikiliza bila kuitazama. Macho ya aliyeandika huona alichokusudia. Masikio yake husikia kilichoandikwa. Mwenye hati naye awepo, na akifika kwenye ridhi au rithi, aulizwe kwa maneno mengine kabisa: ulikubali, au ulipata kwa kufiwa? Swali hilo huchukua muda mfupi mno.

Kwa walimu watakaopenda kuanza Jumatatu, nimeandika ubaoni sentensi tano za imla, mnaweza kuzinakili kabla ya kuondoka. "Alikuja kutuzuru, hakuja kutudhuru." "Warithi wote wameridhi." "Ugonjwa umethibitishwa lakini haujadhibitiwa." "Wamekataa kukata mikoko." "Dhamana yake ilipita thamani ya samani zote za nyumbani." Zisomeni polepole mara ya kwanza, kwa kasi ya mazungumzo mara ya pili, na msirudie mara ya tatu mpaka watoto wawe wameweka kalamu chini.

Sasa nitapokea maswali, na ningependa makarani wa mahakama watangulie, kwa kuwa wao ndio walio na karatasi mezani zinazongoja kesho kutwa.